Vilengeo vya Gobori la Mwewe

Jumatatu, 3 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, lakini si kwa pupa. Tofauti hiyo naomba uizingatie, maana nakujua: ukipokea barua ya kijana, kitu cha kwanza unachokitafuta ni pupa.

Dume la nguruwe pori limerudi. Safari hii si kundi, ni moja, na linatosha. Robo ya shamba la baba imelala chini. Shamba la jirani yetu mwashi limekwisha kabisa, na mwashi mwenyewe amevunjwa mkono alipojaribu kulifukuza kwa panga na debe. Mitego linaizunguka. Moto limeuzoea. Mahindi yanahitaji wiki tatu tu yakauke, na likiendelea hivi hakuna mavuno, na pasipo mavuno hakuna mwaka. Bonde zima lina bunduki moja, gobori la baba, na mlengaji mmoja, baba mwenyewe, ambaye watu bado wanamwita Mwewe.

Sasa linakuja jambo ninaloomba libaki baina yetu. Mwezi uliopita Mwewe alikosa mara mbili, hatua thelathini, mnyama amesimama. Watu walisema baruti ilikuwa na unyevu. Baba naye akasema baruti ilikuwa na unyevu. Niliishika baruti ile, mjomba. Ilikuwa kavu kama hotuba za mkuu wa chuo chetu.

Nimelisoma suala hili. Jicho la mtu wa miaka sitini na mbili haliwezi kuona sawasawa, kwa wakati mmoja, vitu vitatu vilivyoachana kwa umbali: pengo la kilengeo cha nyuma, ncha ya kilengeo cha mbele, na mnyama. Kimoja lazima kififie. Dawa yake ni kuliondoa pengo na kuweka kibati chenye tundu dogo. Jicho hupita tunduni bila kulitazama, vikabaki vitu viwili. Hiyo si rai yangu, ni kanuni ya mwanga, nayo haina shabiki wala mpinzani. Nakuomba unitengenezee kilengeo hicho, tundu la milimita mbili, umpe dereva wa lori. Kukikaza nitakikaza mwenyewe. Vipimo nimeviambatanisha.

Tafadhali usimwambie baba kwamba nimekuandikia habari za macho yake. Ana fahari.

Mpwa wako,
mwenye shahada isiyo na kazi


Ijumaa, 7 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Vipimo vyako vimefika. Vimechorwa vizuri hata nimevibandika ukutani, juu ya jiko la kuyeyushia risasi. Wateja wananiuliza kama nataka kujenga uwanja wa ndege.

Tundu la milimita mbili! Kwani hilo dume litakuja saa sita mchana, lisimame, lisubiri shemeji achungulie kama mama mwenye nyumba anayemchungulia mdai mlangoni? Nguruwe huja kunapopambazuka, chini ya miti, tena anakimbia. Tundu dogo linakula mwanga. Mtu anayewinda nguruwe mimi humwekea nyuma pengo pana, limelegea, hata ukiliona kwa uvivu linakutosha, na mbele shanga ya mfupa mweupe, inayoonekana kwenye kiza kile cha asubuhi kama jino la mtoto. Nimefanya kazi hii miaka thelathini na minane na sijaona mwanga ukisoma kanuni.

Lakini hata hilo silifanyi kwa barua. Kiatu hakipimwi kwa kusimuliwa mguu. Kilengeo huchaguliwa kwa jicho la mwenyewe, shingo yake, bega lake, anavyoliinua gobori akiwa hana habari kwamba anatazamwa. Kitabu chako hakijamwona baba yako. Na mimi nina miaka miwili sijamwona. Mlete. Aje na gobori, na baruti yake, na kile kipimo anachopimia baruti, asiazime cha mtu.

Kuhusu kukikaza mwenyewe: mpwa wangu, hata kinyozi hajinyoi kisogo.

Mjomba wako


Jumanne, 11 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Hoja yako ya mwanga hafifu ina uzito, nami si mtu wa kukataa hoja yenye uzito kwa sababu tu imevikwa mzaha. Hoja ya kiatu haina uzito wowote: viwanda vinashona viatu elfu kwa siku bila kuuona mguu hata mmoja.

Hata hivyo baba anakuja keshokutwa kwa lori. Nimemwambia kwamba springi ya mtambo imelegea. Alinitazama kwa muda, uso ameugeuza upande kidogo kama afanyavyo siku hizi, kisha akasema, "Springi. Haya." Tafadhali ulegeze kitu chochote kwenye springi hiyo kisha ukikaze, ili uongo wangu usipate fedheha.

Dume limekula jana upande wa kisimani. Wazee wa bondeni walikuja wakakaa uani kwetu. Walimtazama baba tu. Mmoja wao aliniambia nikimsindikiza, "Na wewe Shahada, huko chuoni hawakukufundisha hata kurusha jiwe?" Watu walicheka. Nilicheka nami. Mjomba, watu hawa wana watoto wa kulisha, na wanacheka kwa sababu hawajui jambo jingine la kufanya. Fanya haraka.

Mpwa wako


Jumapili, 16 Machi

Mpwa wangu,

Barua hii inakuja pamoja na gobori, limo ndani ya gunia, dereva nimemwonya. Shemeji alirudi Ijumaa kwa sababu hakutaka shamba lilale bila yeye, nami nilihitaji siku mbili za kazi.

Nimekaa naye. Nimemwona anavyolenga. Nimemtengenezea vilengeo anavyovihitaji yeye. Pengo ni pana, shanga ni ya mfupa, na vimepimwa kwa hatua thelathini na kwa baruti yake.

Utakapolifungua gunia utaona kitu usichokizoea. Usikiguse. Usiniulize, na yeye usimuulize. Mpe gobori lake kama lilivyo.

Nakujua, mpwa wangu. Mama yako alikuwa hivyo hivyo, hakuwahi kuonja mboga bila kuuliza chumvi imetoka wapi. Safari hii moja, fumba mdomo. Nakuomba kama mjomba. Ikibidi, nakuamuru kama mjomba.

Mjomba wako


Jumatano, 19 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nimelifungua gunia.

Vilengeo vyote viwili vimetoka nje ya mtutu, upande wa kushoto, kila kimoja kimebebwa na mkono wa chuma wenye urefu wa vidole vitatu. Gobori limekuwa kama mtu aliyezabwa kofi hadi masikio yakahamia upande mmoja. Mwanzoni nilidhani mzigo wa lori ulilalia gunia. Kisha nikaziona skrubu, zimekazwa kwa makini, na hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa kuwa kosa la makini ni baya kuliko la bahati mbaya.

Niruhusu nijenge hoja. Risasi hutoka katikati ya mtutu. Jicho la mlengaji wa bega la kulia hukaa juu ya mtutu. Ukiviweka vilengeo vidole vitatu kushoto, jicho la mlengaji huyo haliwezi kuvifikia pasipo kuivunja shingo, na hata likivifikia, mstari wa jicho na mstari wa risasi hukutana mahali pamoja tu kisha hupishana. Hakuna umri, hakuna ugonjwa wa macho, hakuna mazoea yanayohalalisha jambo hilo. Unaniambia nisiulize. Nilikaa miaka minne mahali ambapo kuuliza ndiyo kazi. Amri isiyo na sababu si hekima hata ikitolewa na mjomba.

Baba yuko kule bondeni tangu jana, analinda na wenzake, kwa hiyo nilikuwa na muda. Nimefanya kilichopaswa kufanywa. Skrubu nimezifungua, mikono ile nimeikata kwa msumeno wa chuma, vilengeo nimevirudisha katikati ya mtutu kwenye nafasi zake za zamani. Pengo pana nimeliacha, na shanga nimeiacha. Hapo ulinishinda na nakiri. Kisha nikapiga risasi tatu kwenye ubao, hatua thelathini. Matundu yote matatu yanafunikwa na kiganja changu. Ubao ninao. Ukitaka nitautuma uubandike karibu na uwanja wako wa ndege.

Sisemi haya kukuvunjia heshima. Nasema kwa sababu tuna dume moja, nafasi moja, na mahindi yaliyobaki hayazidi nusu.

Mpwa wako


Jumamosi, 22 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Baba ameumia.

Ilikuwa jana kulipopambazuka. Dume lilitoka kwenye matete, hatua ishirini, likasimama ubavu. Ubavu mzima, mjomba. Nilikuwa nyuma ya baba nimeshika mdeki wa kushindilia na pembe ya baruti. Aliliinua gobori, akakaa nalo begani muda mrefu mno. Nikanong'ona, "Baba, piga." Hakupiga. Akaanza kukunja shingo juu ya kitako, akiulaza uso wote upande wa pili, kama mtu anayetaka kusikiliza ndani ya mtutu. "Baba, unafanya nini?" Hapo ndipo alipopiga. Udongo uliruka hatua mbili kushoto kwa mnyama.

Lilikuja moja kwa moja. Lilimpasua paja la kulia, kutoka juu ya goti hadi karibu na nyonga. Mwashi na wengine walilipiga kwa mashoka likarudi kwenye matete, linachechemea kidogo, lakini liko hai. Usiku uliofuata lilikula tena.

Sielewi. Ubao wangu unathibitisha kwamba vilengeo ni sahihi. Alikosaje, hatua ishirini?

Muuguzi wa zahanati amelisafisha jeraha na kulifunga, na amesema mara tatu kwamba jino la nguruwe lina uchafu usiooshwa na maji, apelekwe hospitali kuu mara moja. Baba anakataa. Hatoi sababu. Anasema, "Nitapona hapa hapa kwangu." Nimempa hoja zote. Nimemnukulia hata vitabu. Ananisikiliza hadi mwisho, kisha anasema, "Sitaki."

Na kuna jambo jingine. Nilipotaja jina lako aligeukia ukutani. Nilipolitaja mara ya pili aliniambia nitoke.

Mpwa wako


Jumamosi, 22 Machi

Mpwa wangu,

Barua yako ya Jumatano nimeipata sasa hivi. Dereva anaondoka baada ya saa moja na nimemwomba aisubiri hii. Niliapa nisiseme. Sasa nasema, na Mungu anihukumu atakavyo.

Baba yako haoni kwa jicho la kulia. Si kwamba linafifia. Limekufa. Huu ni mwaka wa tatu.

Siku ile alipokuja nilimwambia alenge msumari ulio ukutani. Akaliinua gobori, akafumba jicho la kushoto, akalenga. Nikaweka kidole gumba changu mbele ya kilengeo, nikakiziba kabisa. Nikamuuliza, "Shemeji, unauona msumari?" Akasema, "Naona vizuri." Nikakaa na kidole changu pale pale. "Na pengo?" "Naona." Mpwa wangu, mimi na baba yako tumetaniana miaka thelathini, na siku ile nilikosa utani.

Nilipoondoa kidole nikamwambia. Hakubisha. Alinishika mkono akasema, "Shemeji, kijana amerudi na shahada yake. Asinikute nusu." Akasema ofisi ya wanyamapori ikijua, kibali cha bunduki kinaondoka siku hiyo hiyo, na watu wa bondeni wakijua, kila mmoja atalia kivyake. Ndiyo maana aliniapisha.

Bega lake la kushoto unajua lilivunjika ujanani, halibebi kishindo cha gobori. Basi lazima apigie bega la kulia na alenge kwa jicho la kushoto. Baina ya jicho na jicho ni vidole vitatu. Ndiyo mikono ile uliyoikata. Hoja yako kuhusu mistari ni ya kweli. Nakuuliza tu, vidole vitatu ni nini kwenye ubavu wa nguruwe? Alipolenga msumari kwa vilengeo vile alicheka, akalenga tena, akacheka tena. Sijamsikia akicheka vile tangu tulipomzika dada yangu, mama yako.

Risasi zako tatu zilipiga sawa kwa sababu macho yako ni mazima.

Asitoke na gobori hilo. Lifiche, livunje, litupe kisimani. Natengeneza mikono mingine sasa hivi, moto umeshawaka.

Mjomba wako


Jumanne, 25 Machi

Mpwa wangu,

Barua zetu zimepishana njiani. Nimejua leo.

Sikulaumu kwa karatasi, karatasi haitoshi. Nakwambia mambo mawili.

Anakataa hospitali kwa sababu huko mtu hupimwa kila kitu, na macho pia, na yatakayoandikwa hayafutiki. Analinda siri ambayo wewe umeshaijua. Maadamu hajui kwamba unaijua, hatoki kitandani hapo.

Na ananigeukia ukutani kwa sababu anadhani mimi ndiye niliyemrudishia gobori la mtu mwenye macho mawili. Kwamba nilimwahidi usoni, kisha nikamwona hana thamani ya kazi. Sijui alikuta nini nyumbani, wala ulimwambia nini. Wewe unajua.

Msomee barua yangu ya Jumamosi. Yote. Hii ukiipata usimalize hata chai.

Mjomba


Ijumaa, 28 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la hospitali kuu, nje ya mlango wenye rangi ya kijani iliyobanduka. Baba yuko ndani tangu saa mbili asubuhi.

Uliniuliza nilimwambia nini. Alhamisi ile alipotoka bondeni nilimkabidhi gobori. Akalitwaa, akapitisha vidole juu ya mtutu, upande wa kushoto, taratibu, mara mbili. Akaliinua begani, akalishusha. Akaniuliza, "Shemeji ndiye aliyevikaza hivi?" Nikasema, "Ndiye." Sikuona haja ya kumweleza kwamba nimeirekebisha kazi ya fundi, niliogopa asingeliamini gobori lililoguswa na mikono yangu. Akasema, "Haya." Akaenda kulipaka mafuta. Ningesema "Ni mimi," asingetoka nalo kesho yake. Neno moja, mjomba.

Barua yako ya Jumamosi ilifika Jumatatu. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikakaa chini, nikaisoma tena. Sikumsomea. Nilijijengea hoja. Nilisema: homa imepanda, habari hizi zitamdhuru. Jumanne nikasema: nikimfunulia siri yake nitamvunjia heshima, na heshima ndiyo kitu pekee kilichomshikilia. Jumatano nikasema: kwanza nimshawishi kwa njia nyingine. Zilikuwa hoja nzuri. Ningezitetea mbele ya jopo lolote. Chini ya hoja zote hizo kulikuwa na mtu mmoja asiyetaka kusema "ni mimi."

Jana ilifika barua yako ya pili. Niliingia na zote mbili. Chumba kilikuwa na harufu ambayo sikuweza tena kujifanya siisikii. Nikamwambia, "Baba, vilengeo nilivibadili mimi. Mjomba alivikaza ulivyotaka. Nikavikata." Nikaanza kusoma. Nilipofika kwenye jicho nikaruka, nikaendelea na habari za moto na mikono mipya.

"Umeruka," akasema.

"Sikuruka, baba."

"Tangu mdogo ukiruka mstari unameza mate. Soma kama ilivyoandikwa."

Nikasoma kama ilivyoandikwa. Nilisoma habari ya kidole. Nilisoma "asinikute nusu." Nilipomaliza akasema, "Shemeji alikiweka kidole pale muda wote ule? Mshenzi yule." Akatabasamu, mjomba, nakuapia. Halafu akasema, "Basi waite watu wanibebe."

Tulimbeba juu ya mlango tuliong'oa chumbani kwangu. Mwashi alishika kona kwa mkono wake mmoja mzima. Hapa mapokezi mwandishi wa fomu aliuliza maradhi ya zamani, nikafungua mdomo, baba akaninyamazisha kwa kiganja. Akajibu mwenyewe, kwa sauti, benchi zima likisikia: "Jicho la kulia halioni. Miaka mitatu. Andika."

Daktari ametoka sasa hivi. Ni mwanamke, umri wangu, anaongea taratibu. Anasema mguu unakatwa leo, juu sana, na hata hivyo hawezi kuniahidi kwamba sumu haijaenea mwilini. Nikamuuliza, kwa maana hata sasa siwezi kuacha kuuliza, kama tungemleta mapema ingekuwaje. Akauliza mapema lini. Nikasema Jumatatu. Akatazama karatasi zake kwa muda, akasema, "Jumatatu mguu ungepona."

Sikumweleza Jumatatu ni nini. Nakueleza wewe.

Tangu daktari aondoke nimekaa na ile methali, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimeigeuza huku na huku, mjomba, na kwa mara ya kwanza nimepata hoja ambayo ningetoa chochote nishindwe. Methali imekosea. Mimi ndiye niliyekataa kusikia, na miguu yangu yote miwili iko hapa chini ya benchi, mizima.

Mpwa wako